Spitfire Mk IX kwenye DCS World (mchezo wa kuigiza urushaji wa ndege): inavuta kushoto wakati wa kuruka, shida iko wapi?

Kipanga_Mweusi
Wakuu, naomba msaada. Spitfire LF Mk IX inakwenda sawa hadi niongeze throtali. Bustu (shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, kwa pauni kwa inchi ya mraba) ikikaribia +12, pua inavutwa kushoto. Nazungusha usukani wa mkia kulia hadi mwisho na bado haitoshi. Nikigusa breki, ndege inalala ubavu au propela inachimba ardhi. Ndege nyingine, P-51D Mustang, inaruka vizuri kwa mbinu hiyohiyo. Natumia joistiki yenye kishikio cha kuzungusha, sina kanyagio za miguu. Ni mipangilio au ni mkono?

Fundi_Merlin
Kwanza, mkuu, acha mbinu ya P-51D. Ile ukivuta fimbo nyuma, gurudumu la mkia linafungwa na kugeuka nyuzi 6 tu kila upande, kwa hiyo linakushikia mstari. La Spitfire liko huru kabisa, halina kufuli. Ukivuta fimbo unaongeza uzito mkiani, basi.

Propela ya Merlin 66, injini ya Spitfire hii, inazunguka kisaa ukiitazama kutoka kiti cha rubani, na kila kinachotokana na mzunguko huo kinavuta kushoto. Mwili wa ndege unataka kujipindua kinyume cha propela, hivyo gurudumu la kushoto linakandamizwa. Upepo wa propela unauzunguka mwili na kuupiga mkia kutoka kushoto. Mkia ukiwa chini, bapa la propela linaloshuka upande wa kulia linakamata hewa zaidi kuliko linalopanda kushoto. Halafu ukiinua mkia kwa ghafla, propela inajibu kama pia ya kuchezea iliyosukumwa: inageukia upande, na upande wenyewe ni kushoto tena. Ndiyo maana wengi wanapotea sekunde ileile mkia unaponyanyuka.

Sasa fanya hivi. Trimu (kirekebishi kinachoshikilia usukani mahali ulipouweka) ya usukani wa mkia iweke kulia kabisa, ya kupandisha na kushusha pua iweke alama moja upande wa kushusha. Wenzo wa propela mbele kabisa. Flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) juu: Spitfire ina hali mbili tu, juu au chini kabisa, na chini ni ya kutua. Ingia katikati ya njia, tembea mita chache ukiwa umenyooka ili gurudumu la mkia lijipange, ndipo ufungue throtali. Ongeza bustu polepole hadi +4, subiri usukani uanze kushika hewa, kisha +7 na uishie hapo. Kwa ndege isiyo na mabomu +7 inatosha kabisa; +18 huihitaji ili kuruka. Fimbo ielekeze kulia kidogo ili kulipunguzia mzigo gurudumu la kushoto.

Mkia uache uinuke wenyewe, ukisaidiwa kidogo tu. Usiuinue sana maana propela iko karibu mno na ardhi. Kwenye maili 90 hadi 100 kwa saa itaondoka bila kulazimishwa.

Saa_Sita_Juu
Naongezea kuhusu breki, maana hapo ndipo ndege zinapovunjika. Za Spitfire ni za upepo, zenye kishikio kimoja kwenye duara la fimbo. Usukani ukiwa katikati zinashika magurudumu yote mawili. Ukikanyaga kulia, zinahamia gurudumu la kulia. Ukiziweka kwenye kitufe zinakuja zote kwa mkupuo. Zipe mhimili (axis) unaosogea kidogo kidogo, hata kile kitelezi cha pembeni ya joistiki. Na mkia ukishainuka, usiziguse kabisa.

Kosa la pili ni kufunga throtali kwa hofu huku usukani uko kulia hadi mwisho. Nguvu za kushoto zinakatika papo hapo, usukani unabaki, na ndege inazunguka kulia. Punguza throtali na usukani kwa pamoja.

Kishikio cha kuzungusha kinafaa, ila kipe mpindo (curve) wa 20 hivi kwenye mipangilio ya mhimili ili katikati pawe laini. Zungusha, achia, zungusha tena, kwa vipande vidogo, kabla pua haijahama. Tazama ukingo wa njia pembeni, kwa sababu mbele huoni kitu. Kwenye ukurasa wa mipangilio maalumu ya ndege hiyo, zima usukani wa kujiendesha na shusha msaada wa kuruka hadi sifuri. Vinasahihisha wakati na wewe unasahihisha, na hutajua kosa ni la nani.

Kipanga_Mweusi
Asanteni sana. Upepo je? Na Spitfire Mk XIV ya mchezo mwingine, IL-2 Great Battles, inafuata utaratibu huu?

Fundi_Merlin
Upepo wa kutoka kushoto ndio mbaya zaidi, kwani unasukuma mkia kulia na pua inazidi kwenda kushoto. Kwenye kihariri cha misheni uweke sifuri kwanza, kisha uongeze kidogo kidogo.

Mk XIV ni kinyume chake. Injini yake, Griffon, inazunguka upande wa pili, kwa hiyo ndege inavuta kulia na mguu unaofanya kazi ni wa kushoto. Ina mabapa matano na nguvu nyingi zaidi, kwa hiyo throtali iende taratibu kuliko hata ya Mk IX. Anayezipanda zote mbili aitazame trimu kabla hajagusa throtali.