Fundi kanifungia usukani wa otomatiki, nusura tuwapande wavuvi wa dagaa

Wakuu nina hasira mnivumilie. Nina kaboti kangu ka tanga hapa Kirumba, Mwanza, wikiendi naenda nako Ukerewe, sasa kushika usukani masaa yote hayo hata chai hunywi, nikanunua ile mashine ya volti 12, mkono wa umeme unaosukuma na kuvuta mti wa usukani kwa kufuata dira iliyomo ndani. Used, milioni moja na laki mbili na ufundi humohumo. Fundi aliyeniuzia akaniambia "bosi wewe bonyeza tu ulale".

Nilale wapi! Jumamosi tumetoka saa tisa usiku tuwahi upepo wa nchi kavu, mashine inalia zzii, zzii, nikajua mambo safi. Nimeinama namimina chai nasikia dogo anapiga kelele bosi taa hizo!! Kuinua kichwa, taa za dagaa ziko puani, navuta usukani hauendi, kumbe mpaka uchomoe kichwa cha ule mkono kwenye pini, na giza lile napapasa kama kipofu. Tumewapita kwa upana wa kasia, mzee mmoja akauliza "dereva wenu yuko wapi?" Aibu niliyoisikia!

Asubuhi nikachukua dira ya mkononi nikaisogeza pale mashine ilipofungwa, sindano ikageuka yote. Nyuma ya ubao kuna spika ya redio, aliyoifunga fundi YULEYULE siku ileile, shubiri moja tu! Sumaku ya spika imeziba kaskazini, boti inapinda mashine inaona tuko sawa. Na ile kuzungusha boti polepole kwenye maji matulivu ili dira ijirekebishe hakufanya kabisa.

Nampigia ananiambia tanga langu kubwa. Ni kweli upepo ukiwa mkali boti inavutwa kugeukia upepo unakotoka na mashine inakula betri, lakini upepo wa siku ile hata kupoza chai usingeweza bhana. Hela? "Bidhaa ikishauzwa hairudi."

Francis Chichester, baharia Mwingereza, mwaka 1960 alivuka Atlantiki peke yake siku 40, usukani unashikwa na kitanga cha upepo, yaani kibawa kinachogeuzwa na upepo chenyewe kikageuza usukani, hakuna betri wala nini. Mwenye ujuzi wa kukitengeneza aje PM.

Hii mashine siing'oi. Namsubiri fundi tutoke wote saa tisa usiku, abonyeze, halafu yeye ndo alale.