Tupeane uzoefu: ulirudi kutoka kozi ya uongozi, Jumatatu ile ulifanya nini?

Mama wa Kiamunyi

Jameni, habari za jioni. Mimi ni meneja wa uzalishaji kwenye kiwanda hapa Nakuru, watu 64 chini yangu, shifti mbili. Ijumaa nimepewa barua: naenda kozi ya uongozi ya mameneja, siku tano, Nairobi, kampuni inalipa kila kitu. Wenzangu wamenipongeza. Mimi nimefika nyumbani nikaangalia juu ya kabati, kwa sababu huko juu kuna faili ya kozi niliyopelekwa mwaka 2019, kwenye hoteli moja Naivasha. Faili nene ya bluu, na kalamu yake imechomekwa pembeni, haijawahi kuandika neno. Cheti kimo ndani. Herufi moja ya jina langu imeruka, kwa hivyo hata ukutani hakijawahi kupanda.

Niwaambie ya Jumatatu ile. Mwezeshaji alikuwa ametufundisha kwamba meneja mzuri hafungi mlango. Nikarudi, nikatangaza kwenye mkutano wa asubuhi: mlango wangu uko wazi, mwenye jambo aje. Kufikia saa nne foleni ilikuwa imefika karibu na choo. Watu kumi na mmoja. Tisa walitaka advansi. Mmoja aliomba ruhusa ya kwenda matanga. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa upande wa kupakia, alikuja kwa habari ya mashine inayofunga mifuko vibaya. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, lakini zamu yake ilipofika nilikuwa nimechoka, nikamwambia aje kesho. Hakuja. Jumatano nikafunga mlango, nikasingizia baridi.

Sasa naomba mliokwenda mnieleze. Yale ya darasani tunayajua, hayo nisimulieni kidogo tu. Nataka ya Jumatatu.

Ja-Nyando

Mimi ni wa serikali ya kaunti, moja ya huku magharibi, msiniulize ipi. Kwetu sisi kozi ni ngazi. Ukitaka kupanda cheo fulani unadaiwa cheti cha usimamizi wa juu cha wiki nne, na ukiendelea kupanda unadaiwa kile cha uongozi wa kimkakati cha wiki sita. Vyote unavipata Kenya School of Government, ile ambayo wazee bado wanaiita KIA.

Mimi nilienda tawi lao la Kabarnet. Kutoka Kisumu unapita Eldoret, Iten, unashuka bonde la Kerio masikio yakiziba, kisha unapanda tena upande wa pili. Nilijilipia mwenyewe kwa mkopo wa sacco kwa sababu niliambiwa bajeti ya mafunzo imeisha (huisha kila mwaka kabla ya jina langu). Kozi yenyewe sina neno nayo. Kundi letu lilikuwa na mhasibu, afisa wa mifugo, msimamizi wa maji na dada mmoja wa magereza. Tulipewa kazi ya kuandika pendekezo la sera. Yule dada wa magereza alinifundisha zaidi ya slaidi zote. Aliniambia: wewe unaandika kama mtu anayeogopa kuulizwa swali, aya tatu za salamu kabla hujasema unachotaka.

Jumatatu? Nilipeleka nakala ya cheti kwa ofisi ya wafanyakazi, wakapiga muhuri, wakaweka kwenye faili langu. Ni mwaka wa tatu sasa na cheo hakijaja. Lakini memo zangu zimekuwa za ukurasa mmoja, na mkubwa wangu huzisoma, jambo ambalo zamani halikuwepo.

Kijana wa Mizani

Naomba niongee kama mtu ambaye bosi wake ndiye alienda. Niko kiwanda cha sukari, upande wa kupima miwa.

Meneja wetu alirudi kutoka kozi na neno jipya, "mkutano wa kusimama". Kila asubuhi dakika kumi, hakuna kiti, kila mtu aseme kinachomkwama. Wiki ya kwanza tukasimama. Wiki ya pili dakika kumi zikawa arubaini, miguu ikawaka moto, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anaongea. Wiki ya tatu trekta zilipanga foleni hadi barabarani, mkutano ukafa na hakuna aliyeuzika.

Kitu kimoja kilibaki, na sidhani hata yeye anajua alikitoa kozi. Alianza kuja mizanini saa moja kamili asubuhi na kuuliza swali moja: "Jana trekta ya mwisho ilingoja masaa mangapi?" Hiyo tu. Halafu anaandika kwenye daftari dogo, anaenda. Miwa ikikaa juani baada ya kukatwa inapoteza utamu na uzito, mkulima anaumia na kiwanda kinaumia, kila mtu anajua. Lakini kabla ya hapo hakuna mkubwa aliyewahi kutuuliza. Tulipojua ataulizia, tukaanza kuyahesabu wenyewe kabla hajafika.

Mama wa Kiamunyi

@Kijana wa Mizani nimecheka hiyo ya miguu, halafu nikakumbuka mikutano yangu. Endeleeni.

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Mulembe. Nimestaafu, niko Vihiga, nina muda wa kuandika.

Nilifundisha hesabu miaka kumi na minane, siku moja nikaambiwa wewe ni mkuu wa shule. Hakuna aliyenifundisha kusoma vitabu vya fedha, kuongoza bodi, wala kukaa na mzazi aliyelewa. Baadaye ndipo nikafanya ile diploma ya usimamizi wa elimu ya KEMI, taasisi ya serikali ya kufunza wakuu wa shule, unasoma ukiwa kazini. Kilichonisaidia kilikuwa kidogo sana kwa macho. Mwalimu wetu alituambia kila mmoja aandike kazi zote alizofanya kwa wiki moja, halafu achore mstari chini ya zile ambazo ni yeye peke yake angeweza kuzifanya. Nilikuwa na kazi 43. Mistari ilikuwa 9. Nilikuwa nahesabu magunia ya maharagwe getini mimi mwenyewe! Naibu wangu ameketi ofisini anasoma gazeti, na mimi namnung'unikia kwamba ni mvivu.

Muhula ulipofunguliwa nikampa stoo. Mwezi wa kwanza magunia mawili yalipotea hesabu. Bodi wakataka nimpokonye. Nikakataa, tukakaa naye na daftari la stoo tukagundua kwamba makosa yalikuwa ya kuandika, mapokezi ya Ijumaa jioni yaliandikwa mara mbili. Huyo naibu leo ni mkuu wa shule kubwa kuliko ile yangu. Akinipigia simu bado ananiita mwalimu, na bado nampa maneno makali.

Afisa Mafunzo

Mimi ndiye mtu anayewatumia hizo barua za Ijumaa. Nasoma huku nimejikunyata.

Mama wa Kiamunyi, kwanza ya pesa, kwa sababu hakuna anayeyasema. Mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo kwa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Kampuni ya watu 200 inatoa 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Kampuni inaweza kudai sehemu ya gharama za kozi, mradi anayefundisha amesajiliwa na kibali kimeombwa kabla kozi haijaanza. Wengi hukumbuka wiki moja baada ya kurudi. Kamuulize mwenzangu wa kwenu kama ameomba.

La pili. Utaonyeshwa slaidi yenye 70-20-10: kwamba asilimia 70 ya uongozi unajifunza kwa kazi yenyewe, 20 kwa watu, 10 darasani. (Ndiyo, utaonyeshwa darasani, umelipiwa.) Chanzo chake ni kazi ya Morgan McCall na wenzake pale Center for Creative Leadership, Marekani, miaka ya 80. Waliwauliza wakubwa wa makampuni ni matukio gani yaliwafunza, wakakusanya majibu. Ni kumbukumbu za watu, hakuna aliyepima kwa ratili. Mimi siishikilii namba, lakini Mwalimu Mkuu hapo juu ametoa ushahidi: stoo ilimfunza naibu wake kuliko semina yoyote ambayo ningempeleka.

La tatu, hili ni la kujilaumu. Tangu mwaka 1959 Donald Kirkpatrick alishasema mafunzo yapimwe kwa hatua nne: walipenda? walijifunza? wamebadilika kazini? kazi imebadilika? Sisi tunaishia ya kwanza. Mnajaza ile fomu siku ya mwisho mkiwa na mabegi mkononi, mnaweka tiki kwenye "bora sana" kwa sababu chakula kilikuwa kitamu, mimi naandika ripoti. Jumatatu yenu siijui. Ndiyo maana niko hapa nasoma.

Meneja wa Sacco, Bungoma

Yangu ni ndefu, samahani mapema.

Bodi ilinipeleka shule moja ya biashara Nairobi, wiki tatu zilizogawanywa kwa miezi mitatu. Kabla ya kuanza walituma fomu kwa watu saba ninaowasimamia. Wanajaza bila jina. Mimi pia nikajaza yangu, kuhusu mimi mwenyewe. Kulikuwa na sentensi moja: "Hunisikiliza mpaka nimalize." Nilijipa 5 kati ya 5, bila kusita, kwa sababu mimi ni mtu mpole.

Siku ya pili tukapewa bahasha. Watu saba walikuwa wamenipa 2, 1, 2, 2, 1, 3, 2.

Nilienda chumbani sikula. Usiku kucha nikawa mpelelezi. Huyu wa 3 ni nani, nimwongezee likizo. Hawa wawili wa 1 ni nani. Nikalinganisha na nani alichelewa kazini, nani nilimkataza safari. Asubuhi yule mama aliyepangiwa kukaa nami ana kwa ana akaniona macho, akaniuliza, "Umeshawapata?" Nikamwambia karibu. Akacheka mpaka akatoa miwani. Akaniambia kila mwanamume wa umri wangu aliyepita mikononi mwake alifanya hivyohivyo usiku wa kwanza. Kisha: chagua kitu kimoja, rudi ukawashukuru, uwaulize kinavyoonekana upande wao. Usijitetee hata kwa neno moja.

Jumatatu niliwaita wote saba. Nikaisoma ile mistari ya namba kwa sauti. Nikasema asanteni, nisaidieni kuelewa. Kimya. Unasikia boda zikipita nje. Mwishowe keshia wetu, msichana mdogo sana, akasema: "Meneja, tukianza kuongea wewe hubonyeza kalamu. Ta-ta-ta-ta. Tunajua umeshafika mwisho wa maneno yetu kabla yetu."

Nilikuwa nimeishika wakati huo huo.

Tangu siku hiyo natumia penseli. Na katika miezi ile afisa wetu wa mikopo alinimalizia sentensi aliyokuwa ameianza miaka miwili nyuma. Tulikuwa tunawakopesha wakulima wa mahindi mwezi wa tatu, wapande, na marejesho yanaanza mwezi wa tano, kila mwezi. Mkulima atalipa na nini? Mahindi yako magotini. Hela anaiona mwisho wa mwaka akishavuna. Sisi tukawa tunawaita wadaiwa sugu, tunawatumia barua wadhamini wao. Tulihamisha marejesho yafuate mavuno, na mikopo mingi iliyokuwa inaitwa mibovu ikaanza kulipwa. Haikuwa yote, wapo wakora wa kweli. Lakini jibu lilikuwa limekaa meza ya tatu kutoka kwangu muda wote.

Fomu ya pili baada ya miezi sita: 3, 3, 4, 2, 3, 3, 4. Yule wa 2 bado namtafuta. Natania. Kidogo.

Sista wa Wodi, Kisumu

Mimi sijawahi kupelekwa. Nilipofanywa msimamizi wa wodi nilipewa funguo na kalamu nyekundu. Aliyenifunza ni sista mkubwa aliyekuwa amebakisha mwaka mmoja astaafu. Kila Alhamisi tukitoka kazini alinisindikiza kwa miguu hadi stejini, na njiani ananiuliza, "Wiki hii umemkwepa nani?" Kila wiki kulikuwa na mtu. Ananiacha nipande matatu nikiwa nimejua kesho naongea na nani. Sina cheti cha hayo, naweka tu hapa.

Afisa Mafunzo

@Sista wa Wodi swali hilo naliiba. Na Mama wa Kiamunyi, usiende mikono mitupu. Kaa na mkubwa wako dakika ishirini kabla ya safari, mkubaliane tatizo moja la kiwanda unaloenda nalo. Wawezeshaji wazuri watakuomba hilo tatizo. Wasiokuomba, wewe lifanyie kazi wakati wa chai.

Mama wa Kiamunyi

Nimesoma zote, ya Bungoma mara mbili, nikiwa nimeshika kalamu ya kubonyeza.

Ya kibali nimeuliza leo: hakikuwa kimeombwa. Kimeombwa saa tisa. Mkubwa wangu amenipa dakika ishirini ambazo zilikuwa nane, lakini tatizo tumelichagua: mifuko inayorudishwa na wateja.

Halafu jioni nikabaki hadi shifti ya usiku iingie, kwa sababu yule mama wa kupakia wa 2019 bado yuko, alihamia usiku. Nilimkuta anafunga kitambaa kichwani. Nikamwambia nimekuja kwa ile habari ya mashine, ile ya mlango wazi. Akaniangalia kama mtu anayehesabu miaka. "Madam, ile mashine iliuzwa kitambo." Kisha akavuta kiti cha pili. "Lakini kwa vile umekuja, kuna hii nyingine."

Nilitoa ile kalamu ya Naivasha. Ilikuwa imekauka. Akaniazima yake.