Mafundi wa Unguja na Pemba, ondoeni mikono kwenye skrubu ya sailensa!

Assalaam aleikum. Uzi huu ni wa hasira, anayetaka maneno laini apite zake.

Gari la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), iwe Corolla KE70, Peugeot 504, Morris Minor au Suzuki Carry ya zamani, linawashwa alfajiri, linanguruma sekunde tano, linazima. Stata tena, linazima tena. Likishapata moto linatulia kana kwamba halikufanya kitu. Saa nne linafika gereji likiwa na moto wake, fundi hafungui hata kifuniko cha filta ya hewa. Bisibisi mkononi, anakaza skrubu ya sailensa (ile inayopanga kasi ya injini gari likiwa limesimama, hujakanyaga mafuta) mpaka injini inavuma mizunguko 1,200 kwa dakika, "tayari, mzee." Tayari nini? Kesho alfajiri linazima vilevile, na juu yake umeongezewa maradhi mapya: kwenye foleni ya Darajani linavuma kama linataka kuruka, linakunywa mafuta bure, na ukitoa ufunguo linaendelea kukohoa peke yake.

Tatizo la injini baridi hukaguliwa injini ikiwa baridi. Gari lilale gereji, fundi aliguse asubuhi kabla hajaliwasha mtu. Kulikagua saa nne likiwa limeshachemka ni kutafuta mwezi mwandamo saa sita mchana.

Halafu kuna hili neno lao: "Choki ni ya Wazungu, sisi hapa hatuna baridi." Jamani! Injini imeundwa ifanye kazi maji yake yakiwa kwenye nyuzi 80 hadi 90. Asubuhi ya kipupwe hapa kwetu ni nyuzi 22 au 23. Kwa mwili wako hilo ni joto, kwa injini ni pungufu kwa nyuzi kama 60. Petroli haiwaki ikiwa maji, huwaka ikishakuwa mvuke. Manifoldi (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda) ikiwa baridi, sehemu ya petroli inanata kwenye kuta zake kama umande na haifiki kwenye silinda kama mvuke. Hesabu ya kawaida ni uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1, lakini ile iliyobaki ukutani haihesabiki, kwa hiyo injini inabaki inavuta hewa tupu. Choki, ile sahani ya juu ya kabureta, ipo kuziba hewa ili petroli izidi, na kamu yake inafungua kidogo sahani ya chini (ile inayofunguliwa na pedali ya mafuta) ili sailensa ipande mpaka 1,500 au zaidi kwa dakika chache za mwanzo. Nyinyi mnaifunga kwa waya ikae wazi daima, au mnaing'oa kabisa, kisha mnamfundisha mwenye gari apampu mafuta mara kumi kabla ya kupiga stata. Hapo plagi zinaloa, na lawama inakwenda kwa plagi.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji hata spana. Injini imelala usiku kucha, fungua kifuniko cha filta. Kama choki ni ya kujiendesha, kanyaga pedali mara moja uachie: sahani ya juu lazima ijifunge. Kama ni ya kuvuta kwa waya, mwenzako avute kishikio ndani, wewe tazama kama inafunga yote au waya umeshika kutu ukaishia nusu. Sasa washa. Injini ikishika tu, sahani hiyo lazima ijifungue kidogo, milimita mbili tatu hivi kutegemea kabureta. Inavutwa na kidiaframu cha vakyumu (kingozi kinachovutwa na mvuto wa hewa ya injini) kilichopo ubavuni. Isipojifungua, injini inazama kwenye mafuta: moshi mweusi, harufu kali, kuzima. Chomoa kimpira cha diaframu, kivute kwa mdomo, kizibe kwa ulimi. Kifimbo kikivutika kikabaki palepale, diaframu ni nzima. Kikirudi, imepasuka, na hakuna skrubu duniani itakayoitibu. (Wenye Morris na kabureta ya SU: kwenu hakuna sahani, choki inashusha jeti (kitundu kinachopima petroli). Angalieni waya wenu, na oili ya kwenye mnara wa juu. Ikikauka gari linajikwaa ukikanyaga mafuta.)

Plagi nazo zinasema, mradi mtu azitazame. Ikitoka nyeusi na imeloa, gari lilizimwa na mafuta kuzidi. Ikitoka kavu na nyeupe, lilizimwa na hewa. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na fundi wa bisibisi anayapa dawa moja.

Sasa thamostati, vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, na hapa ndipo damu inaponichemka. Imekuwa kama sheria: gari likiingia gereji, thamostati inatoka. "Kisiwa cha joto hiki." Kabureta nyingi za Kijapani za miaka ya 1980 zinafungua choki kwa nta inayopashwa moto na maji ya injini. Ukiondoa thamostati, maji yanazunguka mpaka rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini inachelewa kupata moto, nta haitanuki, choki inabaki nusu imefungwa safari nzima ya mjini. Mafuta yanazidi, yanaosha silinda, yanashuka kwenye oili. Fundi wa pili akiona moshi mweusi anaifunga choki wazi kwa waya. Wa tatu anakuta linazima asubuhi, anakaza sailensa. Kitu kimoja kilichotolewa kimezaa mafundi watatu na bili tatu. Kuipima thamostati ni kazi ya jikoni: ifunge uzi, itumbukize pamoja na kipimajoto kwenye sufuria ya maji, pasha moto, uone kama inaanza kufunguka karibu na nyuzi zilizochongwa juu yake, 82 au 88. Ikifunguka, irudisheni mahali pake!

Gasketi je? Kabureta inakalishwa juu ya gasketi iliyokatwa kwenye boksi la sabuni, ikipakwa silikoni nyekundu pembeni. Silikoni ya kawaida haivumilii petroli, inavimba, inakatika nyuzinyuzi, na nyuzi hizo zinakwenda kuziba jeti. Halafu nati zinakazwa kwa nguvu zote mpaka kitako cha kabureta kinapinda. Weka rula juu yake uone mwanga unapita. Kutafuta hewa inayoingia, nyunyiza maji kwa chupa ya spreya kuzunguka kitako na mipira yote ya vakyumu injini ikiwa sailensa. Mlio ukibadilika, ndipo hapo. (Maji yasifike kwenye distribyuta.) Msisahau mpira wa breki busta. Na msinyunyize petroli, mtachoma gari la watu.

Njia ya sailensa ndani ya kabureta ina jeti yenye tundu la kama nusu milimita. Punje moja ya kutu inatosha. Hapa kwetu chumvi ya bahari inaota ungaunga mweupe ndani ya bakuli la petroli la kabureta, na masika ikifika maji yanaingia kwenye matangi na madumu. Mwaga mafuta ya bakuli kwenye gilasi, yaache yatulie: maji yatakaa chini unayaona. Jeti inasafishwa kwa upepo wa kompresa na spreya ya kabureta. Atakayepitisha waya anaipanua, na hataweza kuirudisha. Pia kuna solenoidi ya kukata mafuta (vali ya umeme inayofunga njia ya sailensa ukizima gari). Ukifungua ufunguo lazima ilie "tak". Kama hailii, tafuta umeme kwanza. Kukata ncha yake nako kunafanya gari likatae kuzima.

Umeme na valvu sirefushi: kwenye injini ya 4K (ya Corolla KE70), nafasi ya pointi milimita 0.45, plagi 0.8, valvu za kuingiza 0.20 na za kutoa 0.30 injini ikiwa na moto.

Hayo yote yakishakuwa sawa, ndiyo sasa bisibisi ina ruhusa. Injini imepata moto, choki wazi yote, taa zimezimwa. Skrubu ya mchanganyiko ifungwe taratibu mpaka igote, bila kukaza, ncha yake itapata kovu. Irudishwe mizunguko miwili, washa, izungushe kidogokidogo mpaka mlio uwe wa juu na laini kabisa, ndipo ushushe sailensa kwa skrubu yake, karibu 750 au kama kibandiko cha chini ya boneti kinavyosema. Sailensa ya asubuhi ina skrubu yake peke yake kwenye kamu ya choki. Iacheni hii ya sailensa ya kawaida.

Kuanzia leo, mwenye gari, ukitoka gereji dai kila kilichotolewa kwenye mfuko: thamostati, waya wa choki, vimpira, hata springi. Na mwenye kujua duka hapa Unguja au Pemba lenye seti mpya ya gasketi na diaframu za kabureta ya Aisin ya 4K aweke hapa chini. Mpya, nimesema. Za kung'olewa kwenye gari bovu msituletee.