Waliofanya fildi ya sheria Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu: ulipewa kazi gani, na nani alisoma ulichoandika?

Habari za humu, wakuu. Msimu wa barua za kuomba fildi, yaani mafunzo ya vitendo, umefika na wadogo zetu wanaosoma sheria wanaulizana waombe wapi. Wengi wanakimbilia Dar na Dodoma kwa sababu ya majina ya ofisi. Mimi nilifanyia Tabora mjini, na nasema kwa moyo wote kwamba mikoa yetu hii miwili inafundisha, mradi umpate msimamizi anayekusoma. Fildi inahesabiwa kwa krediti kama somo, na kwa mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Saa za kukaa kwenye benchi la mapokezi hazimo humo.

Naanza mimi. Nilikuwa kwa wakili wa kujitegemea, ofisi ndogo tu. Siku moja akaja mzee kutoka Uyui na mfuko wa karatasi, anataka kufungua shauri la shamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakili akanipa ule mfuko, akasema, "Niambie kinachokosekana, kwa maandishi." Notisi zangu za chuo zilikuwa bado zinasema baraza la kata linaamua migogoro isiyozidi shilingi milioni 3. Kumbe sheria ilibadilishwa mwaka 2021: baraza la kata sasa linasuluhisha tu, na baraza la wilaya halipokei shauri mpaka kata itoe cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Cheti hicho mzee hakuwa nacho. Niliandika kurasa mbili, wakili akazirudisha zimejaa wino mwekundu, nikaandika upya. Nilichoandika ndicho kilichomwokoa mzee yule asitupiwe shauri lake nje, na ndicho nilichoambatanisha kwenye ripoti ya fildi.

Haya, karibuni.

Mdau wa Ujiji: Asante kwa uzi huu. Mimi nilikuwa Mahakama ya Mwanzo, na wenzangu darasani walinihurumia, wakidhani nimekosa pa kwenda. Ndugu zangu, ukitaka kujua mirathi nenda mahakama ya mwanzo. Asubuhi nzima ni wajane, watoto wa mke mkubwa na wa mke mdogo, wajomba. Karani alinifundisha kupanga fomu: Fomu Na. I ya maombi, kisha Fomu Na. V ya orodha ya mali na madeni, ambayo msimamizi wa mirathi anatakiwa aiwasilishe ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, halafu Na. VI ya hesabu. Nilikuwa nakagua majalada nione ni wasimamizi gani wameteuliwa na hawajarudi. Ni wengi! Mtu akishapata barua ya usimamizi anadhani nyumba ni yake. Hakimu akawa anaitumia orodha yangu kuwaita. Kuna mama alifika akilia, hakujua kabisa kwamba ana haki ya kudai hesabu. Kazi hiyo ningeifanya hata bila krediti.

Mwaka wa nne: Ofisi niliyokuwa mimi siitaji jina. Nilitoa fotokopi na kupeleka bahasha. Jalada sikulishika. Mwisho wa fildi wakanigongea muhuri kwenye logibuku (daftari la kazi za fildi) na kuniandikia "bora sana". Supavaiza wa chuo alipiga simu tu. Krediti nimepata zote, na bado inaniuma.

Mtoto wa Kasulu: Pole sana, mwaka wa nne. Si wewe peke yako.

Mimi nilikuwa mahakama ya wilaya nyumbani Kasulu. Mpaka wa Burundi uko karibu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko karibu, kwa hiyo kesi za kuingia nchini isivyo halali haziishi. Darasani tulikaririshwa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ya 1973, kwamba kukiri kosa lazima kusiwe na utata: mshtakiwa aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa, kisha asomewe maelezo ya kosa na aulizwe kama ni kweli. Nilijibia mtihani vizuri tu. Sasa siku hiyo kijana amesomewa shtaka, akajibu "ndiyo". Moyoni nikasema imekwisha. Hakimu akamwita mkalimani, ingawa nusu ya watu mle ndani tunasema Kiha na Kirundi tunakisikia. Maelezo yalipoanza kusomwa kijana akasema yeye kazaliwa upande huu huu, Manyovu. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa hakukiri, kesi ikapangiwa tarehe. Ile "ndiyo" ya kwanza ingetosha kumpeleka gerezani kama hakimu angekuwa na haraka. Jioni hakimu aliniita akaniuliza nimeona nini, akaniambia niandike. Hapo ndipo nilipoielewa Adan.

Dada wa Gungu (nasoma Marekani kwa sasa): Huku utaratibu wake umebanwa. Masharti ya ABA, chama cha wanasheria wa Marekani kinachoidhinisha vyuo vya sheria, yanataka kila mwanafunzi wa sheria apate angalau krediti 6 za masomo ya vitendo, na fildi ni mojawapo ya njia za kuzipata. Msimamizi wa ofisini na mwalimu wa chuo wote wanawajibika, makubaliano yanaandikwa, na kuna kipindi cha darasa cha kutafakari kazi unayofanya. Tangu 2016 ABA hailazimishi tena vyuo kukataa krediti kwa kazi yenye malipo. Kilichonigusa ni hayo makubaliano ya maandishi. Hata kwetu hakuna anayemzuia mwanafunzi kupeleka karatasi moja ya kazi anazoomba kujifunza.

Mwanzisha uzi: Dada, umenena. Naunga mkono hiyo karatasi, na mwaka wa nne asingeumia hivyo kama chuo chake kingeidai.

Mnyamwezi wa Ipuli: Mwangaluka wote. Naongeza tu: wadogo zetu, msinakili majina ya wateja kwenye ripoti, wala kupiga picha jalada na kurusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Pia someni hukumu kwenye tovuti ya TanzLII, ni bure, mtakuta za Mahakama Kuu Tabora na Kigoma. Zamani rufaa za Kigoma zilipanda treni kuja kwetu Tabora, sasa Kigoma wana masjala yao ya Mahakama Kuu, kwa hiyo mwenye hamu ya kuona rufaa halazimiki kuhama mkoa.

Mwaka wa pili, Kibondo: Shikamooni kaka na dada zangu. Hela ya fildi ya Bodi ya Mikopo ikichelewa mnaishije? Na mahakama ya mwanzo barua naiandika kwa hakimu au nipitie wilayani?

Mdau wa Ujiji: Marahaba, mdogo wangu. Mimi nilipitia wilayani, nakala nikampa hakimu wa mwanzo mkononi. Kuhusu hela, chagua kituo karibu na ndugu. Ukiamua Ujiji, niandikie humu humu, mama yangu ana chumba.