Mrejesho: karatasi za mzee wangu, askari wa zamani

Habari zenu ndugu. Mwezi uliopita niliwaomba ushauri: baba yangu hapa Arua, Uganda, alikuwa askari, karatasi zake za jeshi zina mwaka mmoja wa kuzaliwa, kitambulisho cha taifa kina mwingine, kiinua mgongo kimekwama. Wengi mlisema nianzie kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Barua ya mwenyekiti niliipata siku ileile, na muhuri. Kazi ilikuwa kwingine. Ofisi moja, siitaji, ilinizungusha wiki mbili, eti faili halionekani. Mzee akachoka, akaja mwenyewe na bakora yake, akaketi mlangoni tangu asubuhi. Kufika saa sita faili likaonekana! Ombi la kusahihisha mwaka sasa limepokelewa NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Likijibiwa tutapeleka nakala Mbuya, Kampala, makao ya wizara ya ulinzi. Pesa bado.

Aliyeuliza zile shilingi 25,000 ambazo serikali huwapa wazee kila mwezi: ni za waliofika miaka 80. Baba ana 74.

Jambo nisilolitarajia: mhudumu wa afya wa kijiji alipopita nyumbani alimhimiza baba akapime presha kituo cha afya. Kumbe iko juu. Ameanza dawa, na kila mlo analalamika kwamba chumvi imepunguzwa.