Kukarabati bustani ya mji mdogo: historia inachimbwa wapi, na kipi kitangulie?

Kivuli cha Mkuyu: Wakuu, bustani ya umma ya kama ekari mbili: miti mikubwa ya zamani, jukwaa la bendi la matofali, bembea za chuma, bomba moja la maji, benchi zilizooza. Kamati inataka ubao wa historia na ukarabati kwa mkupuo mmoja, na fedha ni chache. Historia isiyoandikwa popote inapatikanaje? Na kipi kirekebishwe kwanza?

Karani wa Ramani: Mkuu, anza na hati ya ardhi. Viwanja vingi vya bustani vilitolewa kwa sharti la matumizi ya umma, na sharti hilo laweza kuzuia hata kibanda cha soda. Kisha tafuta picha za anga za miaka tofauti, uzilinganishe kwa kipimo kimoja: njia iliyofutwa au bwawa lililofukiwa huonekana humo hata kama hakuna karatasi inayolitaja. Kwenye mihtasari ya vikao vya halmashauri usitafute neno "bustani" tu. Fuata malipo: mabomba, rangi, mshahara wa mtunza bustani. Fedha huacha alama kuliko hotuba.

Tahadhari mbili. Tarehe ya jiwe la msingi ni ya sherehe, ujenzi huenda ulianza kabla au ulikwama baadaye. Na umri wa mti usikadiriwe kwa unene pekee, maana ulio peke yake hunenepa upesi kuliko uliobanwa na wenzake.

Ubao ukitaka kugusa asili ya bustani za namna hii, sentensi moja yatosha: Birkenhead Park ya Uingereza, iliyochorwa na Joseph Paxton, ilifunguliwa 1847 kwa fedha za umma. Frederick Law Olmsted aliitembelea 1850, kabla hajachora Central Park ya New York pamoja na Calvert Vaux.

Fundi Minyororo: Ubao unaweza kusubiri. Bembea haziwezi. Kagua kulabu za S zilizoshika mnyororo: mwanya ukizidi milimita 1, zibanwe au zibadilishwe, kwa sababu hunasa nguo shingoni. Gonga nguzo kwa nyundo pale zinapoingia ardhini, ndipo kutu hula kwanza huku juu rangi ikiwa safi. Fremu moja isizidi viti viwili, na viti viwe vya mpira, si mbao wala chuma.

Chini ndiko wengi hukosea. Mchanga wa sentimita 23 unahimili anguko la mita 1.2 tu, ilhali vipande vya mbao vya kina hicho hufika mita 3. Mwaga sentimita 30, kwani vitashindiliwa. Mbele na nyuma, eneo hilo liwe mara mbili ya urefu kutoka ekseli ya juu, pale mnyororo unaponing'inia, hadi chini. Uwazi wowote wa sentimita 9 hadi 23 kwenye ngazi au uzio uzibwe: mwili wa mtoto unapita, kichwa kinakwama.

Mama Miche: Naafiki bembea, ila kabla ya fundi yeyote kushika sururu, zungushieni miti kamba. Mizizi inayonyonya iko karibu na uso wa udongo, hivyo mtaro wa bomba ukipita chini ya matawi, mti utanyauka miaka kadhaa baadaye na lawama zitapewa ukame. Matandazo yawe sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina, vinginevyo gome litaoza. Matawi makavu juu ya benchi yakatwe wiki hii.

Bomba nalo linataka shimo la mawe la kufyonzea maji, mbali na miti. Bila hilo, tope litahamia njiani na watu watakanyaga nyasi kulikwepa.

Kivuli cha Mkuyu: Shukrani. Jukwaa la bendi lina nyufa kwenye matofali. Tupige lipu ya saruji?

Karani wa Ramani: Hapana, kwanza kwaruza kiungo kati ya tofali na tofali kwa msumari. Kikimomonyoka cheupe, huenda ni chokaa. Saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani na hufungia unyevu ndani, kisha uso wa tofali huchanika vipande. Zibeni kwa chokaa na mchanga, baada ya kurekebisha mfereji wa paa unaolowesha ukuta.