Jeshi la Marekani linapitia miswada ya filamu za vita kabla hatujaziona, nasi tunaambiwa ni burudani tu

Wanabodi, heshima kwenu.

Nimevuka miaka hamsini, na filamu za Kimarekani nimezitazama tangu enzi za kanda za VHS, kwa hiyo ninayoyaandika hapa hayatokani na chuki ya mtu asiyezijua. Nalalamikia jambo moja. Jeshi la Marekani linapitia miswada ya filamu za vita, linadai mabadiliko, linaweka ofisa wake mahali zinaporekodiwa, kisha linaiona filamu iliyokamilika kabla ya umma, na mtazamaji haambiwi lolote la maana kuhusu hayo. Kijana aliyeketi katika kibanda umiza cha Temeke au aliyefungua simu yake Kisumu anaamini kwamba ameonyeshwa historia, kumbe ameonyeshwa masimulizi yaliyopata kibali cha upande mmoja wa vita.

Utaratibu huu haufichwi hata kidogo kwa anayeutafuta. Mtayarishaji anayetaka kurekodi juu ya manowari au kuruka na ndege halisi za kivita hupeleka muswada wake Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, ambako kuna ofisi ya kushughulikia watu wa burudani, na akikubaliwa anatia saini mkataba. Gharama za kurusha ndege analipa mwenyewe. Waliotengeneza Top Gun: Maverick, iliyotoka mwaka 2022, walitozwa hadi dola 11,374 kwa saa moja ya ndege ya kivita aina ya F/A-18. Hata hivyo, bei hiyo si kitu ukilinganisha na anachokipata, maana hakuna soko lolote duniani ambako raia atakwenda kukodi manowari ya kubeba ndege pamoja na mabaharia wake. Asiyekubali masharti anaondoka mikono mitupu. Waliotengeneza Apocalypse Now, filamu ya vita vya Vietnam, katika miaka ya sabini walinyimwa msaada, wakalazimika kutumia helikopta za jeshi la Rais Ferdinand Marcos kule Ufilipino, ambazo mara nyingine ziliondolewa katikati ya kazi ili zikapigane na waasi. Platoon ya mwaka 1986, nayo ya vita vya Vietnam, ilikataliwa. Top Gun ya kwanza, ya mwaka huo huo, ilifunguliwa milango, na mhusika wa kike aliyependwa na rubani akageuzwa kuwa raia kwa sababu jeshi halikutaka kuonyesha mapenzi ya wanajeshi wake wao kwa wao.

Hilo la mapenzi ni dogo, nakubali. Ninalitaja ili muone mkono wao unafika mpaka wapi, kisha tuje kwenye damu ya majirani zetu.

Black Hawk Down ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa Desemba 2001. Ilirekodiwa Moroko, na jeshi la Marekani lilipeleka huko helikopta zake pamoja na askari wa kikosi cha Ranger. Inasimulia mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Naomba kila mwenye nakala yake aifungue sasa hivi, asome maandishi ya utangulizi taratibu. Yanaeleza njaa, yanaeleza kuuawa kwa askari 24 wa Pakistani mwezi Juni, halafu yanaruka hadi mwishoni mwa Agosti, pale makomandoo wa Marekani wanapotumwa. Mwezi Julai haumo.

Julai kulitokea nini? Tarehe 12 ya mwezi huo, helikopta za Marekani zilizokuwa chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa zilirusha makombora kwenye nyumba moja ya Mogadishu ambamo wazee na watu wengine mashuhuri wa ukoo wa Habar Gidir walikuwa wamekutana. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitaja watu 54 waliokufa. Waandishi wa habari walipofika kupiga picha, umati uliojaa hasira uliwageukia na kuwaua wanne: Hansi Krauss, Mjerumani, Dan Eldon, kijana aliyekulia Nairobi, na Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia. Watu hawa ni wa kwetu kabisa, walitoka Nairobi kwenda kazini na hawakurudi. Asiyejua mambo ya Julai hawezi kuelewa kwa nini, ilipofika Oktoba, wakazi wa mji ule walitoka majumbani na bunduki kupigana na askari ambao miezi michache kabla yake walipokewa kama waokoaji. Filamu inamwachia jibu moja tu, kwamba Wasomali ni watu wakatili wasio na shukrani.

Sisemi kwamba kuna ofisa wa Pentagon aliyeshika kalamu akafuta Julai. Sina ushahidi huo. Ninachosema ni kwamba mtayarishaji anayehitaji helikopta za jeshi hahitaji kuambiwa afute kitu kama hicho, kwa kuwa anajua tangu anapoketi kuandika kwamba muswada unaoonyesha helikopta hizo hizo zikiua wazee mkutanoni hautapata helikopta. Tena upo mfano wa kalamu kutumika waziwazi. Askari mmoja aliyepigana siku ile alikuja kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa kumbaka mtoto, na mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hiyo alieleza kwamba jeshi liliomba jina lake libadilishwe. Likabadilishwa. Mtazamaji anamwona shujaa mwenye jina jingine.

Mwishoni yanatokea maandishi yanayosema kwamba Wasomali zaidi ya 1,000 na Wamarekani 19 walikufa, kisha Wamarekani wale 19 wanatajwa mmoja mmoja kwa majina. Kwa Wasomali hakuna hata jina moja. Filamu hiyo ilipoonyeshwa Washington Januari 2002, wakati mabomu yakiendelea kuanguka Afghanistan, Makamu wa Rais Dick Cheney na Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld walikuwa miongoni mwa waalikwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya chama cha Republican. Hapana. Zero Dark Thirty, filamu ya msako wa Osama bin Laden, ilitengenezwa wakati wa Obama wa chama cha Democratic, na nyaraka zilizotolewa baadaye zinaonyesha kwamba shirika la ujasusi la CIA lilijadiliana na mwandishi wa muswada kuhusu matukio ya mateso, na tukio la mbwa kutumika kumtisha mfungwa likaondolewa. Filamu ilipotoka mwaka 2012, maseneta watatu, Dianne Feinstein, Carl Levin na John McCain, ambaye mwenyewe aliteswa Vietnam, waliiandikia kampuni ya Sony wakilalamika kwamba inawapotosha watu kwa kuonyesha kuwa mateso ndiyo yaliyofanikisha kupatikana kwa Osama bin Laden. Kama maseneta wao wenyewe walipiga kelele, kwa nini mimi niambiwe nina wivu na Marekani?

Nimechoka pia na jibu la "mzee, hii ni muvi tu". Jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani halimwachii mtu manowari yake kwa sababu ya muvi tu. Na wanaonitajia China wajue kwamba sitetei China. Serikali yake inakagua filamu kwa mabavu, lakini angalau kila mtu anajua kwamba inakagua. Ya Marekani inakuja imevaa sura ya uhuru wa sanaa, na shukrani kwa Wizara ya Ulinzi zinawekwa kwenye yale majina madogo yanayopita mwishoni, wakati mwenye kibanda ameshabadilisha filamu.

Sasa nazigeukia mamlaka zetu. Bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street mwaka 2014 kwa ajili ya ngono na uchi. Bodi zetu zinahesabu matusi na kupanga umri wa watazamaji, lakini sijaona hata moja inayomuuliza msambazaji kama filamu yake ilipitiwa na jeshi la nchi ya kigeni. Sitaki filamu yoyote ifungiwe. Nataka sentensi moja ya Kiswahili, mwanzoni kabisa, kwa herufi zinazosomeka hata kwenye simu: "Muswada wa filamu hii ulipitiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani." Vituo vya televisheni vinavyorusha filamu hizi kila wikiendi vinaweza kuanza kuiweka bila kusubiri sheria, na wale ndugu zetu wanaotafsiri filamu kwa sauti wanaweza kuitamka kabla hawajaanza kazi. Kama kuna humu mtu wa bodi ya filamu au wa kituo cha televisheni, naomba anijibu hapa hapa ni kipi kinachowazuia.